Trela Linavuta Kushoto

Jumatatu, 1 Julai

Nimerudi mchana na breki mbili za trela, na sijaibiwa. Muuza spea chakavu alidhani leo amepata mjane wa kumchezea.

Breki za zamani zimekwisha kabisa, sumaku zake zimelika hadi nyaya zinachungulia, na msimu wa mahindi hausubiri mtu. Trela letu si la kubebea magodoro. Limebeba mashine ya kupukuchulia mahindi pamoja na injini yake ya dizeli, na likiteremka mlima bila breki zake lenyewe linaisukuma pikapu mgongoni. Ndiyo maana lina breki za umeme. Dereva akikanyaga breki ya pikapu, umeme unakwenda kwenye magurudumu ya trela, sumaku zinashika, na trela linajizuia.

Yule bwana alinitolea breki mbili, akaziweka mezani. Nikaziangalia vizuri. Moja mkono wake wa chuma umelalia huku, ya pili umelalia kule. Nikamwambia hizi hazifanani, hii umeitoa kwenye trela gani na hii kwenye trela gani? Akaanza kunieleza, nikamkata kauli. Nikaingia mwenyewe nyuma kwenye rundo, nikapekua mpaka mikono ikawa myeusi kwa grisi, nikatoka na mbili zilizo sawasawa kama mapacha, hata kutu imekaa mahali pamoja. Akanitazama, akasema, "Haya Mama, unajua mwenyewe," akanifungia kwenye gunia.

Ndiyo, najua mwenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa kila safari anarudi na vitu visivyooana, nami nilikuwa nanyamaza ili nyumba ikalike.

2 Julai

Mkwe wangu kazifunga breki leo. Huyu ndiye mume wa binti yangu, na ndiye dereva wetu tangu mume wangu afariki. Wanaishi vyumba vya nyuma, uani kwangu. Watu wanamwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha. Wateja wanasema kuku wanampita na hawapigi honi. Yeye hucheka tu.

Akiwa chini ya trela aliniita. "Mama, hizi zote mbili zinaelekea upande mmoja."

Nikamwambia ndiyo uzuri wake huo, zinafanana. Akasema, "Sawa, Mama," akaendelea kukaza bolti. Ni mtu mpole, ana heshima zake, hata kukaa kiti kinachonielekea hawezi. Ila wakati mwingine naona kama kichwa chake nacho kinakwenda taratibu.

5 Julai

Shamba la kwanza. Vumbi mpaka kwenye meno. Mashine imekula vizuri.

9 Julai

Binti yangu kaniletea chai akasema mumewe analalamika: akikanyaga breki, trela linavuta kushoto. Nikamwambia amwambie mumewe ashike usukani kwa mikono miwili. Tulicheka wote wawili. Nilivyo na ulimi, mwenyewe wakati mwingine najifurahisha.

13 Julai

Jioni Taratibu alikuja hadi mlangoni kwangu, kofia mkononi, hakuingia. Macho chini kama kawaida yake. Akasema kwamba lile trela bado linavuta, na akiongeza umeme kwenye kile kisanduku cha breki kilicho chini ya usukani ndiyo linazidi. Labda tulipeleke kwa fundi alitazame.

Nikamjibu kwamba fundi akilifungua halitoki kesho, wateja wamepanga foleni, na mawingu yale kule anayaona. Mahindi yakinyeshewa kabla ya kupukuchuliwa yataota ukungu, na watu watatafuta mashine nyingine. Nikaongeza kwamba dereva wa kweli hulijua gari lake.

"Sawa, Mama."

Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaondoka.

16 Julai

Mawingu. Upepo. Mvua hakuna.

Alhamisi, 18 Julai

Nisipoandika sitalala.

Leo walikuwa wanakwenda kwenye shamba lililo chini ya mteremko ule mrefu, ambako njia inapinda mbele ya ghala la mteja. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye gari la kaka yangu, tumebeba magunia matupu, kwa hiyo nimeona kwa macho yangu. Taratibu alikuwa akiteremka polepole, hilo siwezi kumnyima. Alipofika kwenye kona, taa za breki zikawaka. Trela likachepuka kushoto, mkia wake ukaja mbele, pikapu ikageuzwa kama mtu aliyevutwa shati. Likaenda kuvaa ukuta wa ghala. Ukuta ukaanguka juu ya mashine, na mashine ikalala ubavu.

Ndani ya ghala hamkuwa na mtu. Mwenye ghala alikuwa ametoka kufungua geti.

Tulimtoa Taratibu kwa mlango wa abiria. Mkono wa kushoto umevunjika, mfupa wa bega pia. Hakulia. Alikuwa anarudia kuuliza, "Kuna mtu ndani? Kuna mtu ndani?"

Kaka yangu akaingiza kichwa kwenye pikapu, akatoka na chupa. Chupa ya pombe kali, ile ya kioo yenye shingo nyembamba. Akainyanyua mbele ya watu wote. "Mnaona? Hii ndiyo iliyokuwa inaendesha."

Naijua ile chupa. Ilitoka nyumbani kwangu, tangu enzi za marehemu. Taratibu huitilia maji ya betri.

Nilitaka kusema. Lakini watu walikuwa wengi, mwenye ghala anapiga kelele, mashine yangu imelala matopeni, na nilikuwa na hasira na kila kitu. Nikasema moyoni, nani ajuaye leo alikuwa ametia nini humo? Sikusema.

19 Julai

Tulikwenda hospitali, mimi, binti yangu na kaka. Amefungwa plasta. Kaka akanisukuma kwa kiwiko, nami nikauliza. Niliuliza mbele ya mkewe, na mbele ya wagonjwa wa vitanda vya jirani.

"Mwanangu, sema kweli. Ulikuwa umeonja kitu?"

Aligeuza uso akatazama ukuta. Kisha akasema, "Samahani, Mama."

Kaka akapiga makofi kidogo, kama mtu aliyeshinda kesi. Binti yangu akainama, akamnusa mumewe kinywa. Mbele za watu. Mtu amelala hapo tangu jana, amekunywa dawa na uji tu, angenusa nini? Lakini aliinama akanusa, na Taratibu akafumba macho ili asimwone anavyomnusa.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

21 Julai

Ametoka hospitali, na binti yangu hakumpokea. Kamwambia aende kwa kaka yake mpaka akili zimrudie. Baba wa mumewe, anasema, alikufa kwa pombe, naye hataki kuzeeka na mlevi. Yule hakubisha. Alibeba begi lake kwa mkono mmoja, akapita mbele ya kibaraza changu, akanipa shikamoo, nikaitikia.

Kaka yangu amekwishaeneza habari kila mahali anapokunywa kahawa.

24 Julai

Mashine imenyanyuka, injini inawaka, na pikapu imebonyea tu, inatembea. Kilichoharibika ni gurudumu la kulia la trela, limepinda pamoja na breki yake. Nikaifungua ile breki mwenyewe kwa msaada wa jirani, nikaitia kwenye mfuko, nikaenda mjini kutafuta nyingine kama ile. Sikutaka kwenda kwa yule wa spea chakavu. Nikaingia duka linalouza vipuri vipya, nikaitoa mfukoni nikaiweka mezani. Nikasema nataka kama hii.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliigeuza mara moja tu.

"Hii ya kushoto imekufa. Ya kulia bado nzima?"

Nikamwambia hiyo ndiyo ya kulia. Imetoka gurudumu la kulia, nimeifungua mwenyewe.

Akasema hapana, hii ni ya kushoto. Wala hakusema kwa dharau, alisema kama mtu anayekuambia saa. Akanionyesha: gari likienda mbele, huu mkono wa chuma unatakiwa ulalie mbele, sumaku ikishika inauvuta na viatu vya breki vinabana kwa nguvu. Ukiifunga upande wa pili, mkono unatazama nyuma. Inagusa tu, haishiki. Gurudumu moja linasimama na jingine linaendelea kwenda. Breki za namna hii hazifanani kamwe, kushoto na kulia ni kama viatu vya miguu.

Akaniuliza, "Nani aliyekufungia ya kushoto pande zote mbili?"

Nikasema dereva.

Neno lilitoka lenyewe. Hata sikulifikiria. Nimelitamka kwa mtu nisiyemjua, ambaye hamjui Taratibu wala hatamjua, na hata hapo nikaona afadhali lawama iende kwake. Ya kulia hawakuwa nayo. Nikachukua mfuko wangu nikatoka, na njia nzima nilikuwa naziona zile mbili nilizozikataa pale mezani, moja imelalia huku, nyingine kule. Yule bwana alikuwa ananipa kitu sahihi. Alikuwa anataka kunieleza.

Naona aibu hata kwa karatasi hii.

25 Julai

Nimepika. Nimefua. Sijasema.

27 Julai

Nimepata ya kulia duka jingine, nikarudi nayo mbio, haikuingia. Ni ya trela jepesi. Viatu vyake havifiki kwenye ukingo wa drami, lile bakuli la chuma la gurudumu linaloifunika breki, na matundu ya bolti hayalingani. Nilitaka breki haraka, maana niliona kama breki ikipatikana mambo yote yatarudi mahali pake. Nimekaa kitako nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Binti yangu alinikuta, akanikumbatia. Akasema, "Pole Mama, yule mtu katuharibia." Nikamwacha anikumbatie.

30 Julai

Nimemwona Taratibu sokoni, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Wauza nyanya walikuwa wanamtania, mmoja akamwuliza leo kuku wamempita wangapi, mwingine akaigiza anavyoyumba mlevi. Aliponiona akaweka kikapu chini, akanipa shikamoo kwa adabu zote, akaniuliza mashine imepona?

Nikasema inaendelea vizuri. Nikamwuliza mkono. Akasema unaendelea vizuri. Tukasimama hapo kama watu wawili wanaosubiri mvua iishe. Nilikuwa na nafasi yote duniani. Nikaaga.

Mvua imenyesha usiku, si nyingi. Wateja wawili wameajiri mashine nyingine.

2 Agosti

Nimepata. Ni yadi ya watu wanaotengeneza matrela ya kubebea matangi ya maji, nje ya mji. Safari hii sikujidai. Nilikwenda na drami yenyewe begani, nikasema sijui kitu, nisaidieni. Wakapima upana wa ndani, siyo wa nje, wakahesabu matundu ya bolti, wakaniuliza trela na mzigo wake wote lina uzito gani. Wakanipa breki ya kulia, nzito, mpya. Nikaiweka kando ya ile ya kushoto iliyobaki nzima. Hazifanani hata kidogo. Zinatazamana.

Fundi wao atakuja Jumapili kuifunga.

Jumapili, 4 Agosti

Fundi kafunga, kaenda zake. Kaka akasema yeye ndiye atakayelijaribu trela. Tulipanda wote watatu, mimi na binti yangu kando yake, mashine nyuma. Akatupeleka kwenye mteremko uleule, akakanyaga breki katikati. Trela likasimama pale pale, limenyooka kama rula. Akaliachia, akakanyaga tena kwa nguvu zaidi. Limenyooka.

Kaka akacheka. Akamgeukia binti yangu. "Umeona mwenyewe? Trela halina neno, halikuwa na neno. Ulipewa mlevi, mjomba wako nimekwambia tangu zamani. Kesho nitakupeleka kwa wazee uachane naye."

Binti yangu akasema, "Sawa, mjomba." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nimetafuta breki ile wiki nzima, nikadhani naitengeneza aibu yangu, kumbe nilikuwa namtengenezea Taratibu ushahidi wa kumtia hatiani. Sasa trela ni zima. Kila mtu atakayeliona likisimama sawasawa atasema basi kosa lilikuwa la dereva. Na kama ningenyamaza hapo, hakuna binadamu ambaye angekuja kujua mpaka nakufa. Nakiri kwamba niliwaza hilo. Niliwaza kwa muda wa kutosha kulipenda.

Nikamwambia kaka azime gari.

Niliwaambia yote. Rundo la spea, mapacha wangu, Taratibu chini ya trela akiniita, Taratibu mlangoni na kofia yake, chupa ya maji ya betri, duka la yule mama mwenye miwani. Nilisema hata lile la "dereva". Kaka akaanza kusema kwamba nina huruma sana, nataka kumfunika mkwe. Nikamwambia anyamaze, na ni mara ya kwanza tangu tuzaliwe nimemwambia hivyo.

Binti yangu alikuwa ananitazama tu. Nilisubiri anitukane.

"Mama," akasema, "nilimnusa kinywa."

Alifungua mlango akashuka, akaanza kuupanda mteremko kwa miguu. Tulimwita, hakugeuka. Nilijua anakwenda wapi, na nilijua kwamba aliyemwinamisha pale kitandani ni mimi.

5 Agosti

Asubuhi nilikwenda kwa kaka yake Taratibu. Wamempa chumba cha mbele, godoro chini, dirisha limezibwa kwa katoni. Binti yangu ndiye aliyenifungulia. Macho yamevimba, lakini alikuwa ameshika kikombe cha mumewe mkononi, nikashukuru Mungu kwa hilo. Taratibu aliinuka akanipa kigoda kilichokuwapo kimoja tu, yeye akasimama.

Nilisema tena yote. Mbele yake yalikuwa mazito zaidi, kila neno nililivuta kama ndoo kisimani.

Aliponisikiliza hadi mwisho akasema, "Nilijua, Mama. Tangu siku ya kuzifunga nilikuwa na wasiwasi. Trela lilipoanza kuvuta, nikajua."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilisema. Nikarudia. Ningesema tena, ungesema nakubishia."

"Na hospitali? Kwa nini uliomba samahani?"

"Uliniuliza mbele ya mke wangu. Ningekataa, ningekuwa nimesema mama mkwe wangu ni mwongo. Sikujua neno jingine la kusema."

Nilitamani anipigie kelele. Alikuwa anasema kama mtu anayeelekeza njia. Nilipiga magoti, wote wawili wakaniinua, naye akasema amenisamehe, na naamini ni kweli, kwa sababu si mtu wa kusema asichokuwa nacho.

Lakini mimi nilivyo, nikisamehewa tu nataka kila kitu kirudi kwenye rafu yake. Nikafuta machozi nikasema, "Basi mkono ukipona urudi kwenye usukani. Trela sasa lina breki zake. Vyumba vyenu nimevifagia."

Akainua macho. Miaka yote aliyoishi uani kwangu sikuwahi kuyaona macho yake sawasawa. Yana rangi ya kahawia, yana uchovu.

"Hapana, Mama."

Nikasubiri aongeze kitu, sababu, au samahani. Hakuongeza. Binti yangu ndiye aliyenieleza baadaye, nje, kwamba mumewe ameahidiwa kuendesha lori la kinu cha unga akipona, na kwamba yeye mwenyewe atakuja kesho kuchukua vyombo vyake. Akanishika bega. Hakunikumbatia.

Nimerudi kwa miguu. Nimekaa uani nikitazama milango yao miwili. Lile "Hapana" ndilo jibu pekee la haki nililopewa msimu huu wote, na linauma.

6 Agosti

Wamechukua vyombo. Kaka nimemtuma azunguke kila kijiwe alichokunywa kahawa akaseme hakukuwa na mlevi, mwenye kosa ni dada yake. Amenuna, lakini amekwenda.

11 Agosti

Nimepita sokoni nikawaambia wauza nyanya mwenyewe, maana kaka huenda akapunguza. Mmoja akacheka akidhani namtania. Nikarudia mpaka akaacha kucheka. Mashavu yaliniwaka hadi nyumbani.

Jumamosi, 17 Agosti

Shamba la mwisho. Nimeajiri dereva mpya, mtu mzima, mstaarabu, ana mvi kama zangu. Nilikaa kando yake. Tulipofika kwenye mteremko akakanyaga breki, nami nikamwuliza kama anaona trela linavuta upande wowote.

"Liko sawa, Mama," akasema, macho mbele.

Nilimtazama. Nilimtazama tena. Sikuweza kujua kama amesema kweli au amenipa heshima tu.

Nikamwambia asimame. Nikashuka kwenye matope, nikatembea hadi nyuma, nikapiga magoti kando ya gurudumu la kulia kuangalia mwenyewe.